Maili za Miguu

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na ndio ulioniponza. Mapadre walinifundisha kuandika herufi zinazolala upande mmoja zote, na nilipomaliza shule nikajua kwamba mimi si mtu wa jembe tena. Kampuni moja iliyokuwa ikinunua ngozi na nta hapa Tabora ikanichukua kuwa karani. Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi, na karani mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni alikuwa mtu wa kuangaliwa. Niliangaliwa. Nilipenda kuangaliwa, sikatai, na asubuhi nikitoka nyumbani Mtendeni kwenda kazini nilipita njia ndefu makusudi ili wanione wengi.

Nasema haya mapema usije ukanionea huruma mahali pasipostahili.

Kampuni ilikuwa na pikapu moja na dereva mmoja. Dereva huyo alikuwa Mzaramo wa upande wa Kisarawe, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Kazi yake ilikuwa kuzungukia vituo vyetu vya kununulia, Bukene, Ziba na vingine vidogo vya porini, akachukue ngozi zilizokaushwa na mabonge ya nta, azilete stesheni zipakiwe kwenye treni. Siku ya kwanza kuingia ofisini alinitazama mimi na shati langu, akauliza mimi kabila gani. Nikamwambia Mnyamwezi. Basi akaubwaga mkoba wake mzito juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akasema, "Beba. Si ndiyo kazi yenu?"

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani huo ulizaliwa njiani. Wazee wetu walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakapita kwao, wakaibiana kuku, wakatukanana, wakauguzana, wakazikana, mpaka ukawa undugu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe unamkaribisha ugali. Anakuvua kofia anakwenda nayo, na ukinuna wewe ndiye mshamba. Siku ya msiba ndiye anayekuchekesha wakati machozi yanakutoka, anamsema marehemu kwa uchoyo wake, anachukua kitu chako na wewe hukidai tena. Kwa hiyo sikukasirika. Nilimwambia arudi kwao akakwee minazi, na tangu siku ile tukawa kitu kimoja.

Nilikuwa naishi na baba yangu. Mama alikwisha kufa. Baba alikuwa mpagazi katika ujana wake, alikwenda Bagamoyo mara tatu kwa miguu na kule ziwani mara nyingi zaidi, na bega lake la kulia lilikuwa na nundu ngumu mahali pembe ilipokuwa ikikaa. Dereva alimpenda mzee yule kuliko alivyonipenda mimi. Kila Jumapili alikuja kula kwetu. Alikuwa akimwambia baba kwamba kule kwao mpaka leo wanatafuta kuku waliopotea msafara wake ulipopita, na baba anajibu kwamba kuku wa Kizaramo walikuwa wembamba hata hawakufaa kuibwa. Wanacheka mpaka baba anakohoa. Mimi nimekaa na shati langu, najiona mtu wa maendeleo.

Dereva alikuwa amepanga vyumba viwili huko huko Mtendeni, na yeye ni mtu mmoja. Chumba cha pili kilikuwa cha mkewe. Alimwacha kwa wazazi wake, ana mimba, akaja bara kutafuta kazi, na mtoto alizaliwa yeye akiwa huku. Hajamwona. Kile chumba alikifagia kila siku, hakina kitu. Shabaha yake ilikuwa moja tu: apate nauli ya treni ya mama na mtoto, kitanda, na vyombo viwili vitatu, awalete. Kila Jumapili tulimsikia akisema mwezi ujao. Baba mkwe wake alikuwa mtu mkali, alikwisha kumtumia salamu kwamba binti yake si mzigo wa kuwekwa ghalani.

Sasa nifike kwenye petroli.

Dereva aliyemtangulia alikuwa akipewa petroli na kampuni, akaifyonza kwa mpira na kuiuza. Meneja mpya alipokuja, Mwingereza kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, akasema mchezo huo umekwisha. Kuanzia sasa dereva atanunua petroli kwa fedha yake mwenyewe, na mwisho wa mwezi atajaza fomu ya maili alizokwenda, alipwe senti ishirini na tano kwa kila maili. Kwa barabara nzuri hesabu hiyo ilitosha, dereva mwangalifu angeweza hata kubakiza kidogo. Tatizo ni kwamba mita ya maili katika ile pikapu ilikuwa imekufa, na kipuri chake kiliagizwa Ulaya. Kwa hiyo meneja alitaka jedwali: kutoka Tabora mpaka kila kituo, maili ngapi. Serikali ilikuwa na hesabu za barabara kubwa tu. Vituo vyetu vya porini hakuna aliyevipima.

Aliuliza ofisini nani anayajua masafa ya nchi hii. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu.

Jioni nilikaa na baba uani, nikamwambia anitajie kambi. Alifurahi mno. Alizitaja moja moja, hapa pana kisima, hapa pana mtemi mkorofi, hapa tulimzika fulani, akikunja kidole kwa kila kambi, hakurudia, hakusita. Kambi moja ni mwendo wa asubuhi wa mtu mwenye mzigo, tangu alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma. Meneja alikuwa ameniambia kwamba mtu mwenye mzigo huenda maili mbili na nusu kwa saa. Saa nne mara mbili na nusu, maili kumi. Kambi moja maili kumi. Mpaka Bukene kambi tano na nusu, basi maili hamsini na tano. Nilifanya vituo vyote hivyo, nikapiga chapa, nikachora mistari ya wino mwekundu kwa rula. Lilikuwa jedwali zuri, hata leo ningeliona ningelisifu.

Meneja alilitundika ukutani. Akaniambia kwamba karani mkuu anastaafu mwishoni mwa mwaka, na kwamba ameona mtu wa kumrithi.

Nilipomweleza baba kwamba kambi zake ziko katika ukuta wa Mzungu, aliniomba akazione. Dereva ndiye aliyemleta kwa pikapu, baba amekaa mbele na fimbo yake na kanzu iliyofuliwa. Aliingia ofisini, akaamkiwa shikamoo na makarani wote, akajibu marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamkiwa. Hakujua kusoma. Aliuliza kambi ya kisima iko wapi, nikamwonyesha mstari, akaugusa kwa kidole. Akasema wenzake wote wamekufa na hakuna aliyejua kama walipita. Sikuwahi kumwona baba akilia, na siku ile pia hakulia, lakini alichukua muda mrefu kukipata kitasa cha mlango.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yetu. Yeye alijua kusoma. Aliliangalia jedwali, midomo yake ikicheza kidogo, akatazama mstari wa Bukene, akatazama wa Ziba, akamtazama baba. Kisha akacheka kile kicheko chake, akaniambia, "Mtani, kumbe ndiyo njia hiyo. Basi hilo gari itabidi nilibebe kichwani."

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilicheka kupita wote.

Mwezi wa kwanza alileta fomu, nikamhesabia, akasema Wanyamwezi wamezoea kula mtama mkavu na kutembea, hawajui kwamba gari linakunywa. Nikamjibu kwamba linakunywa kwa sababu dereva wake naye ni wa pwani, nani asiyejua tembo la mnazi. Mwezi wa pili akasema jedwali langu limepimwa na chawa, maana chawa ndiye anayekwenda moja kwa moja bila kuzunguka kitu. Hilo lilinifurahisha sana, nikalirudia nyumbani. Mwezi wa tatu aliniomba nimwazime baba, amfunge mbele ya pikapu aivute kupita njia ya zamani, labda hivyo posho itamtosha.

Unaona sasa? Alikuwa akiniambia. Kila mwezi aliniambia, tena kwa maneno ambayo mtu mzima angeyaelewa. Lakini kati ya watani neno hupita kama mchezo, na mimi nililipokea kama mchezo, nikajibu kwa mchezo, nikaiweka fomu yake kwenye jalada. Ingekuwa Mhaya au Mchagga ameniambia vile ningeruka kitini, ningesema ananitukana, ningeuliza ana maana gani. Yeye sikumuuliza.

Kiangazi alijikokota. Alikuwa akiondoka alfajiri kabla mchanga haujalegea, akizima injini kwenye miteremko na kuliacha gari litambae lenyewe. Mvua zilipoanza, mambo yakawa mengine. Huku kwetu kuna mbuga, mabonde mapana ya udongo mweusi, kiangazi yanapasuka na masika yanajaa maji. Mpagazi anapandisha nguo na kuvuka. Gari likijaribu linazama mpaka mlangoni. Ilimbidi azunguke mbali, na huko anakozunguka kuna tope, gia ya kwanza mwendo wote, petroli inashuka unaiona. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni kwamba ameuza baiskeli yake. Nikamtania, Mzaramo gani huyu anayekwenda kwa miguu, umekuwa Mnyamwezi sasa. Nilimuuliza mbele za watu kama huyo mke yupo kweli au ni jina la kupangia chumba.

Alitabasamu.

Mwezi uliofuata aliweka fomu mezani akaenda zake bila neno. Wala hakumsema mtu. Nilidhani ana homa. Jamani, mtani wako ananyamaza, na wewe unafikiri ni malaria.

Jumapili hiyo hakuja kula. Baba alikaa na sahani ya pili mbele yake, hakuigusa, mpaka ugali ukaota ngozi. Kisha akaniambia kwamba siku chache kabla yake alimuuliza kijana anapita wapi kwenda Bukene masika hii, na kijana akamjibu kwa adabu, akazungukazunguka, hakutaka kusema. Baba alimbana. Ndipo akamtajia njia anayopita, na baba akashangaa, kwa maana njia ile ni kambi tisa au kumi, si tano na nusu. Nami nikamwambia baba kwamba jedwali linafuata kambi alizonitajia mwenyewe.

"Mimi nilikutajia njia ya miguu," baba alisema. "Sisi tulikatiza mbugani. Gari litakatiza wapi? Mwanangu, umemhesabia mwenzio maili za miguu, naye anakula hasara kwa ajili ya sifa zangu. Kesho kalitoe karatasi lile."

Nikamwambia nitalitoa. Kesho yake nililiangalia jedwali pale ukutani, lile la mistari myekundu. Karani mkuu alibakiza wiki sita. Nikasema moyoni kwamba wiki sita si nyingi, nikishakalia kiti chake nitalirekebisha taratibu, bila mtu kuuliza nani alikosea, na fedha yake nitamtafutia njia. Niliona ni busara. Nilijisifu hata kwa busara hiyo.

Siku ya pili yake dereva akaitwa mbele ya meneja.

Alikuwa amepakia abiria. Sheria ya kampuni ilikataza kabisa, na yeye alipakia wanawake wawili na kuku wao kutoka Ziba mpaka Nzega, wakamlipa shilingi kadhaa, akazitia petroli katika gari hilo hilo ili aweze kurudi Tabora. Mtu mmoja wa kituo akamchongea. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza kwa nini, na dereva akasema kwa Kiswahili cha pole pole, ili yule Mzungu amwelewe, kwamba posho ya maili haitoshi petroli, na kwamba tangu mvua zianze anatoa kwenye mshahara wake. Meneja akauliza haitoshi vipi. Akasema njia ni ndefu kuliko karatasi.

Basi meneja akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama pale na daftari langu.

"Karani, hili jedwali ni sahihi?"

Dereva alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao kila aliponitupia tusi na kungoja nitamrudishia lipi. Niliona kiti cha karani mkuu kupitia mlangoni, kile chenye mto. Nilimwona baba ameweka kidole kwenye mstari wa kisima. Mpaka leo nikitaka kujitetea namtanguliza baba, nasema nilimwonea haya mzee asiaibishwe. Ni uongo. Baba mwenyewe alikwisha kuniambia nilitoe.

Nikasema, "Ni sahihi, bwana."

Dereva aliendelea kunitazama kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. Meneja akamwambia kazi yake imekwisha. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka mezani taratibu bila kuufanya ulie. Hakusema kwamba zile ni maili za miguu, kambi za baba yangu. Angeweza kusema, akanivua nguo pale pale. Akamuaga meneja, akatoka. Siku mbili baadaye akapanda treni ya kwenda pwani na sanduku moja.

Baba aliniuliza kama nimelirekebisha karatasi. Nikasema nimelirekebisha. Akauliza kwa nini mtani haji kula, nikasema amekwenda likizo kumchukua mkewe. Baba akafurahi, akasema vema, basi tufuge kuku, mwali wa Kizaramo asikute nyumba haina kitoweo. Akanunua mtetea. Kila Jumapili aliulizia treni.

Nikapewa ukarani mkuu. Kiti chenye mto kilikuwa kizuri, usiamini wanaosema kwamba mtu mwenye dhambi hapati usingizi, mimi nililala fofofo.

Masika yalipokwisha kile kipuri cha mita kikafika, kikafungwa, na meneja mwenyewe akapanda na dereva mpya kwenda kukagua vituo. Aliporudi alikuwa na kijikaratasi. Bukene, kwa barabara kavu, maili sabini na nane. Za masika bado hazijahesabiwa. Alinipa kijikaratasi hicho, akaniambia nipige chapa jedwali jipya, na kwamba dereva aongezewe senti tano kwa maili wakati wa mvua. Hakuuliza kitu. Hakumtaja aliyefukuzwa, na mimi sikumtaja. Nilichukua rula na wino mwekundu nikachora mistari, imenyooka vizuri kama ile ya kwanza. La zamani nililikunja nikalipeleka nyumbani, nikalificha chini ya godoro, maana sikuthubutu kulichana.

Baba alifariki mwaka uliofuata, kiangazi, kwa kikohozi. Siku zake za mwisho alikuwa akizitaja kambi, na akifika mahali fulani anasimama na kuniuliza kama mtani amefika na mkewe. Nilimwambia yuko njiani. Nilimwambia hivyo hata asubuhi aliyokufa.

Padre alimzika vizuri. Watani wengine wa mjini walikuja, wakafanya yao. Lakini mimi niliandika barua. Kulikuwa na Mzaramo mmoja stesheni, fundi wa reli, aliyekuwa anakifahamu kijiji chao, nikampa barua na fedha ya nauli, nikaandika kwamba mzee amefariki na kwamba alimwulizia. Kingine sikuandika. Nilingoja. Nauli ikarudi kwa mkono wa fundi yule yule, haikuguswa, na ujumbe kwamba atakuja kwa uwezo wake.

Alikuja siku ya kuanua matanga. Tulikuwa tumekaa uani, ukoo mzima, watu wa Bukene na wa Nzega, mara nasikia sauti mlangoni inauliza yuko wapi yule mwizi wa kuku. Wazee wakaangua kicheko na kilio pamoja. Aliingia na kofia ya baba kichwani, sijui aliitoa wapi, pengine msumarini ndani, akachukua fimbo ya baba akaanza kutembea kama baba, amepinda bega la kulia, anakohoa, anataja kambi. Alizijua zote. Alizitaja kwa mpangilio ule ule, na kwenye kila kambi akaweka wizi mmoja, hapa mzee aliiba muhogo, hapa aliiba mke wa mtu akamrudisha kwa kuwa anakula sana. Shangazi yangu alicheka mpaka akashikwa. Akamnyang'anya binamu yangu saa yake ya mnyororo, akamnyang'anya mjomba kiko, akadai mtetea wa baba, akapewa. Msiba ukawa umepona, kama unavyotakiwa kupona.

Mimi nilikuwa nimevaa koti langu la sufu, la kwanza kununua baada ya kuwa karani mkuu. Nikalivua. Nikaliweka kwenye kiti, karibu kabisa na mahali alipokuwa anapita, mfuko ukiwa wazi, na ndani nilikuwa nimetia bahasha yenye fedha yake. Nilikuwa nimeipiga hesabu safari kwa safari kutoka kwenye zile fomu za zamani. Nilitaka alichukue. Nilitaka aseme mbele ya ukoo wangu wote kwamba hili ni koti la karani mwizi, alivae, aende nalo. Sijawahi kutamani kutukanwa kama nilivyotamani siku ile.

Alikuja mpaka nilipokaa. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Pole sana kwa msiba, bwana karani," alisema. "Mungu amlaze mzee mahali pema."

Watu wa karibu walidhani anaanza mzaha mpya, wakangoja. Nikamshika mkono sikuuachia. Nikamuuliza habari za mkewe, maana sikujua pa kuanzia, naye akajibu kwa upole kwamba aliporudi bila kazi baba mkwe alidai talaka ya binti yake, na sasa ameolewa kijiji cha Mzenga, mtoto anasemekana hajambo. Nikamwambia jedwali lilikosea. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu siku ile mzee alipokuja kuliona. Ningesema waziwazi ningekuwa nimemsema yeye." Akatazama chini, kisha akanitazama. "Nataka nikuulize jambo moja tu, bwana karani, halafu tusiliseme tena. Siku ile nilipoitwa, ulikuwa umekwisha kujua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwepo wa kunishuhudia, baba alikuwa kaburini.

"Nilijua," nikasema. "Baba aliniambia siku mbili kabla."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kipimo alichokuwa amekwisha kukikisia. Akauondoa mkono wake katika wangu, si kwa nguvu. Alipogeuka liko koti langu kitini, limejikunja, mkono mmoja umegusa vumbi. Akaliinua. Akalikung'uta, akafuta vumbi pale kwenye mkono kwa kiganja chake, akaisukuma ile bahasha ndani ya mfuko isije ikaanguka, akanipa kwa mikono miwili, kama wanavyompa mgeni.

"Koti lako, bwana karani. Litachafuka."

Kisha akaenda kwa wazee, na nikasikia wanacheka tena.